Pipi ya mtu usiyemjua, na mengine ambayo "kila mtu anajua" kuhusu sikukuu

Wale mnaopandia basi Arua Park, hapa Kampala, mnajua, tarehe 23 Disemba pale basi halijai, linafurika. Mwaka jana nimekaa nyuma, kuku wa mtu yuko chini ya miguu yangu, mara mama mmoja akamnyang'anya mtoto wake pipi aliyopewa na mzee wa siti ya mbele akaitupa dirishani, eti kila mtu anajua sikukuu ndio msimu wa watu wabaya. Mzee wa watu akanyamaza, akaendelea kumung'unya yake.

Sasa hiyo "kila mtu anajua" ndio naitaka leo.

DHANA: Watu baki wanawawekea watoto sumu kwenye pipi za sikukuu.

UKWELI: Wamarekani hii wanayo kutushinda. Usiku wa Halloween, 31 Oktoba, watoto wanapita nyumba kwa nyumba wanaomba pipi, wakirudi wazazi wanakagua mfuko wote kwa sababu ya stori za wembe ndani ya tofaa. Mwanasosholojia mmoja, yaani msomi anayechunguza maisha ya jamii, Joel Best, akafanya kazi ya uvumilivu tu, akarudi kwenye magazeti kuanzia 1958 akafuata kesi moja moja aone iliishia wapi. Hakupata hata mtoto mmoja aliyethibitika kuuawa au kuumizwa vibaya na pipi za mtu baki aliyekuwa anagawia watoto wa watu. Nyingi zilikuwa uongo, zingine watoto wenyewe ndio walichomeka pini. Kifo kimoja kinachotajwa sana ni cha kweli, Texas 1974, mtoto wa miaka 8 kapewa pipi ya unga yenye sianidi, na aliyempa ni baba yake mzazi, alishamkatia bima ya maisha. Huyo baba alihukumiwa kifo, serikali ikamuua kwa sindano ya sumu 1984. Yaani mtaa mzima unamkodolea macho jirani na muuaji yuko sebuleni! Halafu kinachoua zaidi usiku huo ni magari, hesabu zao za 1975 hadi 2016 zinaonyesha vifo vya watembea kwa miguu vilikuwa juu kwa 43% kuliko jioni za kawaida za karibu na siku hiyo.

DHANA: Krismasi ndio watu wanajiua zaidi, upweke unawamaliza.

UKWELI: Inaingia akilini kabisa ila hesabu zinakataa. Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, alishaandika 1897 kwamba huko Ulaya kujiua kunapanda siku zinapokuwa ndefu, kuelekea Juni, na kunashuka baridi ikiingia. Marekani pia Disemba huwa ni kati ya miezi ya chini.

DHANA: Sosholojia ni kutuambia tunachojua.

UKWELI: 1949 mwanasosholojia Paul Lazarsfeld alitoa orodha ya matokeo ya utafiti kuhusu wanajeshi wa Marekani, mfano kwamba vijana wa kijijini walivumilia maisha ya jeshi kuliko wa mjini. Msomaji anasema sawa, wa kijijini kazoea shida, hiyo nayo ni ya kufanyia utafiti? Ndipo Lazarsfeld anasema yote niliyoorodhesha ni kinyume cha yaliyopatikana. Na ukiambiwa hicho kinyume, bado utasema ulijua.

Sasa yule mama simcheki. Kwetu watoto wanaibiwa kweli, mpaka Bunge letu la Uganda lilipitisha sheria ya kuzuia kafara ya binadamu 2021. Ila kusema Disemba ndio mbaya zaidi, na mbaya ni mtu baki, hapo inabidi uhesabu kesi mwezi kwa mwezi, halafu uangalie aliyeshikwa alikuwa nani kwa huyo mtoto, na mimi nadhani wajomba na baba wa kambo wasisahauliwe kwenye hiyo hesabu.

Tulipofika Karuma dereva anakata kona simu iko sikioni, nyani wako pembeni ya barabara, hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo. Mama amelala, na mtoto kamgusa mzee bega anaomba pipi nyingine.