Huyu ni perege gani? Kuwatambua samaki wa Mto Sabaki

Kila mvua za bara zikinyesha vizuri, Sabaki huja mwekundu kwa udongo wa Athi na Tsavo, na simu yangu hujaa picha za samaki. Ujumbe karibu wote huanza na rangi: "Huyu mweusi ni nani?" "Mbona huyu mweupe?" Mimi rangi huiangalia mwisho. Perege dume anayelinda kiota hujivika weusi, akitiwa kwenye ndoo anaanza kupauka, na aliyekulia kwenye maji ya tope huenda amepauka tangu hapo.

Afadhali uanze na pua. Samaki wengi wana matundu mawili ya pua kila upande. Perege ana moja. Kisha msafishe ubavuni kwa maji safi (tafadhali, picha ya samaki aliyepakaa matope hainisaidii kitu) ufuatilie ule mstari wa magamba yenye vitundu. Kwa perege mstari huo huanzia nyuma ya kichwa, hukatika kabla ya kufika mkiani, halafu huanza tena chini kidogo na kumalizikia katikati ya shina la mkia. Ukiyaona hayo mawili kwa samaki wa hapa mtoni, umeshika jamaa ya perege, hata mvuvi akuapie kuwa ni wa baharini.

Perege gani sasa? Mwenyeji ni Oreochromis spilurus, ambaye wataalamu humwita perege wa Sabaki. Wa kufugwa, ambaye wengi wanamjua kwa jina la sato, ni Oreochromis niloticus. Tandaza pezi la mkia: sato ana mistari ya wima iliyopangika kutoka shinani hadi ukingoni, mwenyeji hana mistari mizima ya namna hiyo. Kwa wadogo wa urefu wa kidole sithubutu kuamua kwa picha. Na jamii hizi huzaana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo mafuriko yakipasua mabwawa ya kufugia, machotara si jambo la kushangaza. Hapo hata mimi huandika "Oreochromis" nikaishia hapo.

Kambare wanachanganya watu bila sababu. Kambare wa mtoni, Clarias gariepinus, ana kichwa bapa, sharubu nane, na pezi la mgongoni refu lisilo na mwiba, linalokwenda karibu mpaka mkiani. Fumi wa baharini, ambaye huingia mdomoni mwa mto, ana pezi fupi la mgongoni lenye mwiba mkali, na nyuma yake kijipezi cha nyama kisicho na mifupa. Ngogo naye ana mwiba na kijipezi kama fumi, ila sharubu zake za chini zina matawi. Angalia mgongo kabla hujatia mkono. Mwiba wa fumi una maumivu ya kukulaza.

Nimpendaye zaidi ni mkunga wa mtoni. Ukiambiwa kwamba mkunga wa mto ni yule yule wa miambani, mtazame nyuma ya shavu: wa mtoni ana mapezi mawili ya kifuani, wa miambani hana kabisa. Kisha tafuta pezi la mgongoni linaanzia wapi. Likianza karibu juu ya tundu la haja, huyo ni Anguilla bicolor. Likianza mbele sana, angalia ngozi: isiyo na mabaka ni Anguilla mossambica, yenye mabaka ni marmorata au bengalensis, na kuwatenganisha hao wawili kunataka samaki mkononi. Wote huzaliwa baharini na hupanda mto wakiwa wadogo, ndiyo maana hutamwona mkunga wa mtoni mwenye mayai yaliyokomaa huku Jilore.

Weupe wa kung'aa karibu na Mambrui ni rahisi. Mkizi ana mapezi mawili ya mgongoni yaliyoachana. Mwatiko ana moja, na mkia uliogawanyika sana.

Rangi naipa nafasi mahali pamoja tu: kwenye vidimbwi vya mvua, ambavyo kiangazi hukauka kabisa. Humo huishi visamaki vya jamii ya Nothobranchius, ambavyo mayai yao hungoja ndani ya udongo mkavu mpaka mvua nyingine. Majike wa jamii hizo hufanana mno. Tofauti ipo kwa madume, kwenye rangi za mwili na mapezi. Mpige picha akiwa hai, ndani ya chupa ya kioo yenye maji safi, ubavu ukielekea mwanga. Akishakufa rangi hufifia upesi, na hapo sina cha kukwambia zaidi ya jina la jenasi.