Bei ya bustani Dar: wanayosema watu na kilichopo saiti

Nafanya kazi za bustani hapa Dar, na karibu kila wiki napigiwa simu na mtu ambaye nyumba yake imeisha, iwe Goba, Mbezi Beach au Kigamboni, sasa anataka pakae kijani, na swali la kwanza ni lilelile: skwea mita shingapi? Namuelewa kabisa maana hela imeshaishia kwenye tofali na bati. Ila hilo swali ndo linaanzisha hasara nyingi ninazoziona, kwa hiyo ngoja niandike haya mambo yote sehemu moja.

"Bei ya bustani ni bei ya majani."

Hapana. Majani ndo kitu cha mwisho kuingia, na mara nyingi siyo ndo yanakula hela nyingi. Kinachokula hela ni kilichopo chini. Fundi akimaliza kujenga anaacha vipande vya zege, misumari, mifuko ya simenti, na pale walipokuwa wanakorogea zege pamekauka kama jiwe, halafu mtu anamwaga udongo kidogo juu, anapachika ukoka, wiki tatu panapendeza, miezi miwili mbele panatokea viraka vya njano palepale penye zege. Nimeshafukua kiraka kama hicho na jembe, sentimita tano tu chini nikakuta sakafu nzima ya simenti, mizizi imefika pale ikageuka kwenda pembeni.

Sasa piga hesabu. Kiwanja chako kina skwea mita 200 za majani, unataka udongo mzuri wa kina cha sentimita 10, hiyo ni kyubiki 20 za udongo (mita za ujazo), yaani lori la kyubiki 7 lije tripu tatu, bado samadi, bado vibarua wa kung'oa na kubeba kifusi, bado gari la kwenda kukimwaga. Fundi aliyekupa bei ya nusu ya mwenzake hajakuonea huruma, mara nyingi ameruka hapa. Muulize swali moja tu: udongo unaweka kina gani? Akisita, ujue hajaupigia hesabu.

"Maji ni maji, nina kisima changu."

Hapa ndo pananiuma zaidi maana watu wanapoteza hela nyingi kwa kitu ambacho kinajulikana mapema. Ukanda wa karibu na bahari, Msasani, Mikocheni, Mbezi Beach, Kigamboni, visima vingi vina chumvi, na chumvi haionekani siku ya kwanza. Kuna mteja mmoja alichimba kisima, maji yakatoka masafi kama ya chupa, akapanda waridi na michungwa na majani laini, mimi nikaja baadaye kuitwa kuokoa. Nilichokuta: ncha za majani zimeungua kahawia wakati katikati bado kijani, na juu ya udongo wa kwenye vyungu kuna utando mweupe unaokwaruzika kwa kucha. Niliweka tone la maji ulimini, chumvi ile nikaijua hapohapo. Mbolea aliyokuwa anaongeza kila wiki ilikuwa inaongeza chumvi juu ya chumvi.

Maji ya namna hii yana mimea yake. Majani ya paspalamu yanavumilia chumvi, majani ya Pemba yanavumilia na zaidi ya hapo yanakubali kivuli, bogenvila haina shida, mnazi ndo kwao kabisa. Waridi, michungwa, ndimu na parachichi achana nazo kama hauna maji mengine. Na hata huo ukoka wetu tunaousifu unastahimili sana jua ila chini ya mwembe haukai, utapanda mara tatu na mara zote tatu utakuja kuona udongo, kwa hiyo mtu anayetaka kukuwekea aina moja ya majani kiwanja kizima wakati nusu ni kivuli anakuuzia kazi ya kurudia. Kipimo cha chumvi ya maji ni cha bei ndogo na jibu linatoka dakika hiyohiyo, pima kabla hujanunua hata mche mmoja. Na kama ndo kwanza unataka kuchimba kisima kirefu, kuna kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, usianze tu kuchimba kwa sababu jirani alichimba.

Kuhusu wingi: milimita moja ya maji kwenye skwea mita moja ni lita moja. Majani mapya kipindi cha jua ukiyapa milimita 5 kwa siku, kwa zile skwea mita 200 ni lita 1000, simtanki zima, kila siku. Kwa mwezi ni yuniti 30 za maji ya DAWASA (yuniti moja ni lita 1000) juu ya matumizi yako ya ndani. Hiyo hela haipo kwenye invoisi ya fundi yeyote lakini utailipa wewe.

Ndo maana nashangaa watu wanaosema masika ni wakati mbaya wa kupanda kwa sababu ya matope. Matope yapo ndiyo, na lori la udongo linaweza kugoma kufika kwako kama barabara ya mtaa ni mbaya, kwa hiyo udongo uingize Februari, Machi mvua zikianza pachika. Mvua ya Machi mpaka Mei inakumwagilizia bure. Vuli pia inafaa, Oktoba kwenda Desemba, ila haiaminiki kama masika. Anayepanda Julai apande tu, lakini aweke na bajeti ya maji.

"Bustani ni kazi ya shamba boi, haina mambo ya leseni."

Inategemea unaongelea kazi gani. Kijana anayekuja kukukatia majani Jumamosi, sawa. Lakini mtu anayefanya hii kazi kama biashara anatakiwa awe na TIN ya TRA, na leseni ya biashara ya halmashauri yake kwa Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972, na akitumia jina la biashara anatakiwa kulisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Leseni siku hizi inaombwa mtandaoni kupitia mfumo wa TAUSI, siyo lazima kushinda kwenye foleni.

Halafu kuna CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya 1997. Hii watu wanaichanganya pande zote mbili. Wapo wanaodhani kila mpanda maua lazima asajiliwe huko, na wapo wanaojenga ukuta wa kushikilia udongo mita mbili kwenye mteremko wa Goba wakiita ni bustani. Ukuta ule ni ujenzi, mitaro mikubwa ni ujenzi, ukianguka mvua ya kwanza unakwenda na gari la jirani, hapo tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na hakikisha jina lake kwenye orodha ya bodi yenyewe. Ila usajili wa CRB haukwambii kama mtu anajua majani. Hilo utalijua ukienda kuona bustani aliyoifanya mwaka juzi, siyo ya wiki iliyopita.

Kingine ni VAT. Unaletewa profoma ina mstari wa VAT, unadhani ni lazima. Anayeruhusiwa kukutoza ni aliyesajiliwa VAT tu, na tangu 2023 kiwango cha kulazimika kusajiliwa ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Muombe VRN, yaani namba yake ya usajili wa VAT, na risiti ya mashine ya EFD, kama hana hata hiyo namba basi ule mstari aufute. Na kama mteja ni kampuni, ile asilimia 5 inayokatwa kwenye malipo ya huduma ni kodi ya zuio, sisi mafundi tusigombane na mhasibu, tudai cheti chake.

"Tandika pevingi kote, utaokoa hela."

Unaokoa maji ya kumwagilia, sawa, lakini ya mvua unayapeleka wapi? Mvua ya milimita 50, ambayo Dar inanyesha siku moja masika bila shida, kwenye skwea mita 200 ni lita 10,000. Udongo ungemeza sehemu nzuri tu, pevingi zilizobanana zinayasukuma karibu yote getini, kwa jirani wa chini, mtaroni. Acha hata ukanda wa majani kando ya ukuta. Na kama uko pembeni ya mto au bahari kumbuka zile mita 60 za kuacha kutoka ukingoni kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, usitandike kitu humo. Mti wa nje ya geti nao mara nyingi uko kwenye hifadhi ya barabara, uulizie kwanza kabla hujaleta msumeno.

La mwisho ni malipo, maana wengi wanaamini ukimlipa fundi yote mapema atafanya haraka. Lipa kwa hatua: hela ya udongo udongo ukifika na umeuona, hela ya majani yakishapandwa, halafu bakiza kiasi mlichokubaliana kwenye karatasi mpaka majani yashike. Kujua yameshika ni rahisi, chuchumaa, kamata konzi moja, vuta taratibu. Yakija mkononi bado. Yakigoma, mpe mtu hela yake siku hiyohiyo.