ED ya mchakamchaka siandiki

"Daktari, muandikie ED, asikimbie mchakamchaka, ana pumu." Kidato cha pili, miguu mirefu, inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua kinapobana, mfukoni. Nimekataa kuandika ED, yaani karatasi ya daktari ya kumruhusu mtu asifanye kazi au mazoezi. Na kwa kuwa wazazi wanaoniomba hawaishi, jibu langu naliweka hapa niwe nawatumia.

Haile Gebrselassie, mkimbiaji wa Ethiopia wa mbio ndefu, ana pumu. Mwaka 2008 alikataa kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Beijing kwa kuihofia hewa chafu ya jiji lile. Septemba mwaka uleule akavunja rekodi ya dunia kule Berlin: saa 2, dakika 3 na sekunde 59. Mbio hakuziacha. Alichagua pa kukimbilia.

Kinachowatisha wazazi ni kifua kubana. Haya, kinabana lini? Mara nyingi ni dakika 5 hadi 15 baada ya kusimama: kijana kashaketi, ndiyo kikohozi kinaanza, filimbi inasikika kifuani, kisha kinaachia ndani ya saa moja hivi. Anapokimbia anahemea mdomo, njia za hewa zinakauka, misuli yake inakaza. Akipasha mwili taratibu kwa dakika 10 au 15 kabla ya mbio, wengi wao hawabanwi sana.

Na anayebanwa kila akikimbia, kosa si la mbio. Pumu yake haijadhibitiwa! Anahitaji steroidi ya kuvuta, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, siyo bluu tupu. GINA, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya pumu, tangu 2019 hawashauri mwenye miaka 12 na kuendelea atibiwe kwa bluu peke yake, lakini mifukoni naikuta hiyohiyo tu. Tena wanaivuta vibaya, dawa yote inaishia ulimini. Spesa, kile kichupa kinachokaa kati ya inhela na mdomo, ni ghali? Chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako kwa waya wa moto, tundu liushike mdomo wa inhela barabara, ziba pembeni kwa gundi. Ioshe kwa sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe bila kuifuta, kisha mtoto avutie shingoni mwa chupa. Cape Town waliijaribu kwa watoto wenye pumu miaka ya 1990, ikafanya kazi.

Kuna na kundi la pili, wale wa "mazoezi yanasafisha mapafu". Hayasafishi. Maziwa nayo, yanayosifiwa kusafisha kifua, yanakwenda tumboni. Kijana akifanya mazoezi, moyo na misuli ndivyo vinavyoimarika. Spirometri yake, kipimo cha nguvu ya mapafu kupuliza, inaweza isibadilike hata kidogo, na bado akawa anapanda ngazi bila kuhema.

Linaloninyima usingizi ni hewa yenyewe. Ukiwa umetulia unavuta lita 6 hadi 8 kwa dakika. Ukikimbia kwa nguvu zinapita 60, na uchafu unaingia kwa kipimo hichohicho. Utafiti wa kusini mwa California uliotoka 2002 ulifuatilia watoto wa miji 12: kwenye miji yenye ozoni nyingi (gesi inayotokea moshi wa magari na viwanda unapopigwa na jua), waliocheza michezo mitatu au zaidi walipata pumu takriban mara 3 ya wasiocheza. Kwenye ozoni kidogo, tofauti hiyo haikuonekana. Sasa sisi shida yetu ni moshi wa dizeli, vumbi na taka zinazochomwa, kwa hiyo hesabu ile siwezi kuihamishia Ubungo, Dar es Salaam, kama ilivyo. Wala siwezi kuipuuza. Nikimwambia kijana akimbie, namwambia nikiwa na wasiwasi kidogo.

Ila kuna mambo hayasubiri utafiti. Saa 12 asubuhi shule nyingine zinawakimbiza watoto pembezoni mwa barabara kuu, nyuma ya malori. Ingieni mitaa ya ndani, mita 200 tu zinatosha kupunguza moshi. Halafu wenzao walio zamu ya usafi wanafagia uwanja mkavu, vumbi tupu, na majani yanachomwa palepale mstari wa mbio unapopita. Mwalimu, nyunyizeni maji kwanza. Na huo moto wa nini?

Siku moja tu nakubali asikimbie: akiamka usiku anakohoa au kifua kinapiga filimbi. Asubuhi hiyo mleteni kliniki, na hiyo inhela aje nayo nione anavyoivuta.