Weka ndimu chini kwanza: kuosha sarafu za zamani bila kuziharibu

Wacha niseme hii mapema. Sarafu ya shaba ikiwa nyeusi ama kahawia si ati ni chafu, hiyo rangi ni ngozi yake, imekaa na hewa miaka na miaka mpaka ikajitengenezea tabaka jembamba gumu linaloikinga, na mtu anayekusanya sarafu anailipia hiyo rangi. Sasa wewe umeokota yako shambani Seme huko, unaitumbukiza kwa ndimu ama siki ama soda nyeusi usiku kucha, asidi inakula tabaka na shaba ya chini pamoja, asubuhi unatoa kitu chekundu-chekundu kinang'aa, kimejaa vishimo, na hakuna fundi atakurudishia. Kolgeti na jivu zinakwaruza tu. Stili wulu hata sitaki kuizungumzia.

Hapa makumbusho Kisumu tunaonyeshwa sarafu za kila aina, manake mji huu umeshika pesa nyingi tofauti tangu reli ifike Port Florence, jina la zamani la Kisumu, mwaka 1901: rupia ya India, senti za mkoloni, florini ya 1920 ambayo haikukaa, alafu shilingi ya Afrika Mashariki kuanzia 1921 mpaka Kenya ikatoa yake 1966. Kwa hivyo kabla ya kuwaza maji, jua umeshika madini gani.

Chukua senti moja ya 1907 ama 1908. Ni nyepesi mpaka unadhani ni ya mtoto kuchezea, ni aluminiamu hiyo. Ukiitia kwa maji ya magadi, haya haya tunayolainishia mboga, inaanza kutoa mapovu, na wakati wewe unafurahi ati uchafu unatoka, ni sarafu yenyewe inayeyuka. Zile senti tano na senti kumi za tundu, otonglo za wazee wetu, kuanzia 1921 ni bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. (Ukipata ya 1936 angalia jina vizuri, kuna zilizotoka na jina la Edward VIII, mfalme aliyeachia kiti kabla huo mwaka uishe, na kwa vile katikati ni tundu hakukuwa na sura ya kuchonga.) Shilingi ya simba ya 1921 hadi 1946 nayo inadanganya wengi. Inaonekana ni fedha, yaani silva, lakini fedha ni robo tu, kilichobaki sana sana ni shaba, na ule weupe uko juu juu. Ukiisugua na dawa ya kung'arisha masufuria, zile sehemu zilizoinuka, mgongo wa simba na vilele vya milima nyuma yake, ndo zinaanza kuonyesha umanjano kwanza, na ukishauona ujue umeshapita mahali pa kurudi. Shilingi moja ya 2018 yenye twiga ni chuma kilichopakwa nikeli, sumaku inaishika, hiyo ikishika kutu achana nayo, nenda katafute nyingine dukani.

Haya, kuosha kwenyewe. Anza na maji yasiyo na chumvi wala klorini, yale maji ya betri ya kuongezea yanauzwa petroli stesheni, na tafadhali si asidi ya betri, soma lebo. Loweka kwa glasi, kesho badilisha maji, kesho kutwa tena, udongo ulainike wenyewe. Usifute na kitambaa. Kama kuna gundi ama mafuta tumia asetoni safi ya duka la kemikali, sio ile ya kutoa rangi ya kucha manake hiyo huwa na manukato na mafuta ndani, mimina kwa chombo cha glasi, fungua dirisha, na jiko lisiwe linawaka hapo karibu. Udongo ukikataa kutoka kwenye herufi, chukua mwiba ama kijiti cha meno, weka lenzi jichoni, na ubandue polepole huku sarafu ikiwa bado na unyevu. Kazi hii inachosha shingo. Ukifika mahali unaona unatumia nguvu, hapo simama, acha udongo ukae.

Kitu cha kuogopa kweli si weusi, ni kijani. Na si kijani chote. Kijani kibichi kigumu, laini juu, ambacho kucha haikitoi, hicho hakina shida, kiache. Ule mweupe-mweupe wa kijani kama unga, unaodondoka ukiigeuza sarafu na chini yake unakuta kashimo, huo ni ugonjwa wa bronzi. Kuna chumvi za klorini zimejificha ndani, zimetoka kwa udongo ama jasho la mikono ama mtu aliyetia jiki, na zikipata unyevu zinatengeneza asidi inayokula shaba, inazalisha chumvi nyingine, hivyo hivyo mpaka sarafu ibaki vumbi. Na sisi tunakaa kando ya ziwa, unyevu tunao bure mwaka mzima. Itoe hiyo sarafu kwa wenzake, iweke peke yake kwa kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vifuko vya silika jeli vinavyokuja na viatu vipya, vingi, viwe vikavu. Ukavu unasimamisha ugonjwa, hautibu. Dawa ambayo mafundi hutumia kuuzuia, benzotriazoli, ni sumu na inataka maabara, usijaribu kuiagiza ukaichemshia jikoni.

Kuhifadhi pia kunaua sarafu kuliko watu wanavyodhani. Zile albamu za plastiki laini yenye harufu kali huacha utelezi wa kijani juu ya shaba, tafuta karatasi isiyo na asidi ama plastiki ngumu. Shika sarafu kwa ukingo, vidole visiguse uso.

Alafu kama unachimba msingi ukakuta sarafu nyingi pamoja, ama moja tu lakini inaonekana ya kale sana, usioshe chochote. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1895, na ukigundua mahali pa kale unatakiwa utoe taarifa. Piga picha pahali ilipokuwa kabla ya kuinua, andika kina cha shimo, tia sarafu kwa bahasha ya karatasi na udongo wake jinsi ulivyo, alafu uje nayo.