Goma hadi Kalemie kwa maji: moteri moja, maziwa mawili

Ukitazama ramani ya mashariki ya Kongo, toka Goma hadi Kalemie ni maji matupu: Ziwa Kivu, mto Ruzizi, kisha Ziwa Tanganyika. Kisichoonekana kwenye ramani ni mteremko. Kivu iko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, Tanganyika mita 773 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayoua moteri za watu.

Tuanze Goma. Hewa ya huku juu ni nyepesi, kwa hiyo moteri iliyoandikwa nguvu za farasi 40 itakupa 34 hivi. Bwato la mbao lenye mzigo wa kadiri litaenda kama kilomita 15 kwa saa, na moteri ikishikwa robo tatu ya nguvu zake itakunywa lita 14 hivi za esansi (petroli) kila saa. Bukavu, mwisho wa kusini wa Kivu, ni kilomita 100 hivi: karibu saa 7, yaani lita 98. Tafadhali usiondoke na lita 100. Beba 150, maana upepo wa mbele unakula esansi kuliko mzigo. Lita hizo ni kilo 110 hivi. Zipange katikati, chini, na uzihesabu kama watu wawili.

Moteri nyingi za kuchanganyiwa oili zinataka sehemu 1 ya oili kwa 50 za esansi, yaani mililita 400 kwa bidoni (dumu) ya lita 20. Mimina oili kwanza na esansi kidogo, tikisa, ndipo ujaze. Ukijaza esansi kwanza, oili inaweza kubaki chini bila kuchanganyika.

Mzigo hauna mjadala. Oktoba 3, 2024, boti lililotoka Minova lilizama likiwa limebakiza hatua chache kufika bandari ya Kituku, hapa Goma, na lilikuwa limejaa kupita kiasi. Kati ya maji na ukingo wa bwato zibaki sentimita 40 angalau, na kila mtu awe amevaa jile yake ya kuelea majini. Jile iliyofungiwa chini ya magunia haimwokoi mtu.

Ondoka alfajiri, ziwa likiwa limelala. Pita magharibi ya kisiwa cha Idjwi: wakati wa kiangazi kisiwa kinakukinga na upepo wa kusini-mashariki, na moteri ikizima hupeperukii upande wa Rwanda. Ukichelewa hadi giza utakutana na wavuvi wa sambaza, samaki wale wadogo, mitumbwi mitatu iliyoungwa kwa miti, taa zinawaka. Zunguka mbali, nyavu ziko chini. Ukilazimika kulala ufukweni upande wa Goma au Sake, panda juu kidogo. Mabondeni kuna mazuku, hewa nzito isiyo na harufu, na aliyelala haamki.

Unapokaribia Bukavu, hasa baada ya mvua, hatari ni mifuko ya plastiki. Macho yako yasitoke kwenye kale kauzi ka maji kanakotemwa nyuma ya moteri. Kakianza kukonda, kakatika, na mvuke ukaonekana, zima palepale. Inua mguu wa moteri, bandua plastiki kwenye matundu ya kuvutia maji, chokoa tundu la kutemea kwa waya mwembamba, kisha ngoja ipoe yenyewe. Kuimwagia maji baridi kunapasua chuma.

Ruzizi hausafiriki. Una maporomoko na mabwawa ya umeme, ya kwanza palepale chini ya Bukavu. Moteri inashuka kwa gari hadi Uvira, kwenye Tanganyika, bandari ya Kalundu. Acha maji yatoke yote kwanza ikiwa wima, na garini kichwa kisilale chini kuliko mguu, la sivyo maji yaliyobaki yataingia kwenye silinda.

Sasa jambo lenyewe. Mafundi wa Goma, ili moteri isinywe esansi nyingi kuliko hewa iliyopo, hutoa jikleri, kile kipande chenye tundu la kupitishia esansi kwenye kabureta, na kuweka yenye tundu dogo zaidi. Kwa Kivu ni kazi nzuri. Kalundu hewa ni nzito zaidi, esansi inakuwa haba, moto unakuwa mkali, pistoni inatoboka. Ubaya wake ni kwamba moteri inalia vizuri sana, inakimbia, hadi dakika inayokufa, na toka Kalundu hadi Kalemie ni kilomita 300 hivi. Kwa hiyo jikleri ya zamani isitupwe. Ifunge kwenye kitambaa, isafiri pamoja na buji (plagi za cheche) za akiba.

Kalundu, rudisha jikleri hiyo mahali pake kabla ya kupakia chochote. Kimbiza moteri dakika kumi karibu na ufukwe kwa mwendo wa safari, izime ghafla bila kupunguza mwendo kwanza, fungua buji, utazame rangi ya ncha yake. Ikiwa ya kahawia, pakia. Nyeusi yenye masizi, esansi imezidi. Nyeupe kama chokaa, esansi ni haba: usivuke hata hadi Baraka, mji ulio karibu kuliko Kalemie.