Yubile si mwaka wa kufuta madeni

"Mwaka huu ni Yubile yako, madeni yote yamefutwa!" Utayasikia maneno haya kwenye mikesha na mikutano ya injili, hapa Mombasa kuanzia Likoni hadi Mishomoroni, na waumini wanaitikia amina. Nia ni njema. Lakini Yubile ya Biblia, katika kitabu cha Walawi sura ya 25, haisemi habari ya kufuta madeni.

Katika sheria ya Waisraeli wa kale, Yubile ni kila mwaka wa 50. Baragumu ilipigwa Siku ya Upatanisho, kila mtu akarudi kwenye shamba la ukoo wake, na Mwisraeli aliyejiuza kwa sababu ya umaskini akaondoka huru pamoja na wanawe. Kufuta madeni kuko Kumbukumbu la Torati 15, kunaitwa maachilio, na kulikuja kila miaka 7.

Tukizichanganya sheria hizi mbili, kinachopotea ni ardhi. Maachilio yalimtua mtu mzigo. Yubile ilimrudishia pa kulima. Tazama hesabu ya Walawi 25, mstari wa 15 na 16: bei ya shamba ilipangwa kwa mavuno yaliyobaki hadi Yubile. Likiuzwa imebaki miaka 5, mnunuzi analipia mavuno ya miaka hiyo tu, kisha shamba linarudi kwa wenyewe. Kwa hakika alikuwa amekodi. Na sababu imetajwa mstari wa 23: "nchi ni yangu," asema Mungu.

Hata nyumba zilipangiwa sheria yake. Ukiuza nyumba ndani ya mji wenye ukuta, una mwaka mmoja wa kuikomboa. Ukipita, imekwenda moja kwa moja. Ya kijiji kisicho na ukuta ilihesabiwa pamoja na mashamba, nayo ikarudi.

Sisi wa Mombasa tulipaswa kulielewa hili upesi, maana tunazo nyumba bila ardhi: kuta na mabati ni yako, kiwanja ni cha mwingine, na kodi ya kiwanja unaipeleka wewe. Mtu kama huyo huenda hadaiwi hata shilingi, na bado analala akihofia kuambiwa abomoe. Ukimhubiria madeni, shida yake hujaigusa.

Kwa hiyo, mhubiri mwenye neno juu ya madeni afungue Kumbukumbu 15 na aseme maachilio. Akitangaza Yubile, basi ataje na shamba, na mstari wa 23 ausome kwa sauti.