Maana ya kupokezana funguo katika DNSSEC

Nimelisikia tena: "Tumeshabadili ufunguo wa kikoa, ni kazi ya dakika mbili." Aliyesema ni mtaalamu, na amri aliyoiandika huenda kweli ilichukua dakika mbili. Ila kazi aliyoitaja huchukua siku kadhaa, na nadhani maneno aliyoyatumia, ufunguo na kubadili, ndiyo yaliyomponza.

Kwa ufupi, DNSSEC ni utaratibu wa kutia saini za kidijitali kwenye majibu ya mfumo wa majina ya vikoa (yaani majina ya tovuti kwenye intaneti), ili seva inayomtafutia mtumiaji anwani ijue kuwa jibu halikughushiwa njiani. Saini hutiwa kwa ufunguo wa siri, huhakikiwa kwa ufunguo wa umma uliotangazwa kwenye kikoa chenyewe. Ufunguo ukichakaa, au ukishukiwa kuvuja, mwingine hushika nafasi yake. Basi.

Shida inaanza na neno ufunguo. Limetokana na kufungua, na anayelisikia huona mlango. Ukibadili kitasa, ufunguo wa zamani haufai tena tangu dakika ile, na hilo ndilo ulilotaka. Lakini DNSSEC haifungi kitu wala haifichi kitu. Majibu yake husomwa na yeyote. Ufunguo wake ni muhuri, na barua zilizogongwa muhuri wa zamani bado zimo mikononi mwa watu.

Barua hizo zimo kwenye kache, yaani hifadhi ya muda ya seva zinazotafuta anwani. Kila rekodi huja na TTL, yaani muda inaoruhusiwa kuhifadhiwa: saa moja, siku moja, hata mbili. Seva iliyochukua orodha ya funguo asubuhi inaweza kuitegemea mpaka muda huo uishe. Ukiuondoa ufunguo wa zamani adhuhuri na papo hapo ukaanza kutia saini kwa mpya, seva hiyo hukuta saini isiyolingana na ufunguo wowote inaoujua, ikalikataa jibu, kama ilivyotakiwa kufanya. Kikoa kinatoweka ilhali seva zake ni nzima. Na kwa kuwa seva zisizohakiki saini huendelea kujibu kama kawaida, mhusika hufungua tovuti kwenye simu yake, akaiona ipo, akawaambia wanaolalamika kwamba tatizo ni lao. Hili huniuma kuliko kosa lenyewe.

Neno la pili, kubadili, limetoka katika Kiarabu, shina moja na badala: hiki kiondoke, kile kikae. Mimi ningesema kupokezana, lenye kile kiambishi -an-, ambacho hakikubali mtu mmoja. Katika mbio za vijiti kuna hatua ambapo mikono miwili imeshika kijiti kimoja, na hatua hizo ndizo kazi yote ya funguo hizi. Mpya hutangazwa ukiwa bado hautii saini, watu wakasubiri. Kisha huanza kutia saini, wakasubiri tena saini za zamani ziishe kwenye kache. Ndipo wa zamani huondolewa. Kwa KSK, ufunguo unaotia saini orodha ya funguo, kuna subira nyingine, maana alama yake, rekodi ya DS, hukaa kwenye kikoa mzazi, yaani kilicho ngazi moja juu, chenye TTL yake na mara nyingi wasimamizi wengine kabisa.

Chukua mfano wa mzizi, ngazi ya juu kabisa ya mfumo wa majina ya vikoa: ufunguo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka 2010. Mrithi wake alitangazwa katika mzizi tarehe 11 Julai 2017, na kwa kanuni seva zinazojisasisha zenyewe hukaa zikimwona kwa siku 30 kabla ya kumwamini. Makabidhiano yalipangwa Oktoba mwaka huohuo, lakini ICANN, shirika linaloratibu mfumo wa majina ya vikoa duniani, iliahirisha baada ya takwimu kuonyesha kuwa baadhi ya seva bado ziliuamini wa zamani peke yake. Yalifanyika tarehe 11 Oktoba 2018, mwaka mzima baadaye, na wa zamani ulibatilishwa Januari 2019. Hakuna aliyekuwa akisubiri kompyuta imalize hesabu. Walizisubiri kache na wasimamizi wa seva duniani kote.

Kwa hiyo, ndugu, ukiniambia mmebadili ufunguo jana usiku, nitakuuliza kwa upole tarehe mbili: mpya ulitangazwa lini, na wa zamani utaondolewa lini? Kama zote mbili ni jana usiku, tafadhali urudishe wa zamani kwanza.